Breka ya Bafuni

Fundi umeme alipiga magoti bafuni, palepale dada yake alipokutwa amekufa, akaanza kufungua kifuniko cha hita ya maji. Bisibisi ilimponyoka mara mbili.

"Shemeji, achana nayo," alisema mume wa marehemu, ameegemea mlango. "Yameshapita. Hakuna anayekulaumu."

Maneno ya kufariji, lakini si kweli. Mama alikuwa anamlaumu. Tangu mazishi, wiki ya tatu sasa, hajamsemesha. Fundi akipiga simu, mama anapokea, anasikiliza, anakata. Na fundi mwenyewe alishajilaumu makaburini mbele ya watu wote. Nyaya za nyumba hii alizitandaza yeye. Hata breka ya usalama, ile inayotakiwa kukata umeme kabla haujaua mtu, aliifunga yeye.

Kwa wateja alikuwa msumbufu hasa. Alipima kila chumba kwa kipimo chake, akaandika majibu kwenye karatasi, wapende wasipende. Kwa dada yake alibonyeza tu kile kitufe kidogo cha kujaribia, breka ikajizima, akasema tayari, akakaa kunywa chai. Si ndugu? Lakini kitufe hakijui kama waya wa ardhini umelegea huku bafuni. Chai ile ilikuwa ikimnyima usingizi.

"Breka uliikuta imejizima?" aliuliza, ingawa jibu alishalisikia mara nyingi.

"Nimekwambia, ilikuwa inawaka. Niliizima mwenyewe kwa mkono huu, ndipo nikamgusa." Shemeji alijifuta uso. "Ndiyo maana hata daktari nilimkatalia asimpasue. Ampasue kutafuta nini, na kila mtu anajua ni shoti?"

Fundi aliinuka. Alikwenda koridoni kuitazama breka. Ilikuwa ileile, na rangi nyekundu aliyoipaka juu ya skrubu haikuwa na mkwaruzo; hakuna aliyeifungua wala kuibadilisha. Akarudi, akaunganisha kipimo kwenye nyaya za hita. Kipimo hicho hupitisha ardhini umeme kidogo, kisha huhesabu breka imechukua muda gani kuukata. Ikizidi sehemu tatu za kumi za sekunde, ni mbovu. Isipokata kabisa, basi yeye ndiye aliyemuua dada yake, na alishaamua kwamba kutoka hapa angekwenda moja kwa moja polisi.

Alibonyeza.

Breka ililia koridoni, taa ikazimika. Milisekunde ishirini na mbili, haikufika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Hakuamini. Aliiwasha, akarudia. Ishirini na tatu. Akapima waya wa ardhini, umekaza. Akapima hita yenyewe, ikiwa ya baridi na ikiwa imechemka, haivujishi umeme hata chembe. Alirudia mpaka mara ya kumi, huku shemeji akimwambia inatosha, inatosha sasa. Ishirini na mbili.

Hapo akalia. Alilia kama mtoto, kwa furaha iliyomtia aibu, maana dada alikuwa bado kaburini. Akampigia mama, akaweka spika ili shemeji naye asikie.

"Mama, usikate. Nimepima mara kumi. Breka nzima, hita nzima, nyaya zote nzima. Mama, si umeme wangu uliomuua."

Mama hakukata. Kisha, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, akamsemesha.

"Mwanangu," alisema polepole, "toka kwenye nyumba hiyo."