Baridi ya Mafinga

Mfuko wa damu ulikuwa bado umejaa mgonjwa alipoanza kutetemeka hadi kitanda kikalia.

"Sista Faustina, huyu damu imemkataa," alisema muuguzi Devota, vidole vikiwa tayari kwenye mpira wa dripu.

"Toa mkono hapo, mdogo wangu. Hiyo ni baridi ya Mafinga. Mwongezee blanketi."

Faustina, mkuu wa wodi, hakuwa anatania. Tangu Daktari Kalinga awe mganga mfawidhi, hospitali ile haikuwa imeripoti hata mgonjwa mmoja aliyedhurika kwa kuongezewa damu. Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi. Homa iliitwa malaria, vipele viliitwa kunguni, na mkojo ukiwa mwekundu mgonjwa aliulizwa kama amekunywa juisi ya rozela. Aliyeona vinginevyo alipaswa kumpigia simu Kalinga mwenyewe kabla ya kugusa mpira; ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kufunga damu. Muuguzi wa mwisho kumpigia sasa anapima watoto uzito kijijini Igowole.

Asubuhi hiyo Kalinga alikuwa ameondoka na suti mpya kwenda Mbeya, kupokea cheti cha usalama wa damu.

Devota akatandika blanketi jingine. Hakumjua mgonjwa; wodi nzima hakuna aliyemjua. Wapakia mbao wa msitu wa Sao Hill walimchomoa kwenye gari lililobinuka, hajitambui, uso umevimba kama boga. Sasa bandeji zilikuwa zimemwachia mdomo tu, na mdomo ule ulikuwa ukinong'ona.

"Funga... funga damu. Weka sailini."

Faustina akacheka. "Umemsikia? Siku hizi kila mgonjwa ni daktari."

"Anashika kiuno, Sista."

"Kitanda kigumu hicho."

Devota akainua mfuko wa mkojo mbele ya dirisha. Ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea.

"Na huu? Ameletwa hajitambui. Rozela kainywa wapi?"

Faustina akautazama, kisha akatazama mlango. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Basi mpigie mfawidhi," alisema. "Lakini kwa simu yako. Mimi nina watoto wanasoma hapa Mafinga."

Devota naye alikuwa na mtoto anasoma hapo hapo. Mgonjwa alikuwa ameacha kunong'ona. Meno tu yalikuwa yakigongana. Akaitafuta namba ya Kalinga, akabonyeza, akaweka simu sikioni.

"Inaita," alisema.

Faustina alikuwa ameinama chini ya kitanda, kwenye mfuko wa nguo alizovuliwa mgonjwa, akiitazama suti iliyolowa damu. Mfuko wa ndani wa suti ulikuwa ukiwaka na kuzimika, kila simu ya Devota ilipoita.