Kikohozi cha Beberu

Enzi wanyama walipokuwa na ligi ya kupigana vichwa, Bi Kanga hakukosa pambano hata moja, na kwa kelele hakuwa na mpinzani. Siku beberu wa ng'ambo ya mto alipomwangusha beberu wa kwao kwa pigo moja, Kanga aliruka uwanjani.

"Mwamuzi! Huyo katafuna mzizi wa nguvu! Mnuse mdomo!"

Kobe, mwamuzi, akanusa. Kweli, mzizi ulinuka. Kanga na wenzake wakazomea hadi makoo yakawakauka: mwizi huyo, afungiwe maisha, na pembe akatwe!

"Ngojeni," Kobe akasema. "Sheria inataka ninuse wote wawili."

Akajikokota hadi kwa beberu wa kina Kanga, aliyekuwa bado amelala chali. Harufu ilikuwa ileile, tena kali zaidi.

Uwanja mzima ukamtazama Kanga. Akajikung'uta manyoya taratibu.

"Huyu wetu anaumwa kikohozi tangu juzi, Mzee Kobe. Hiyo ni dawa."

"Pole, beberu wetu!" wenzake wakaitikia kwa huruma. "Pole sana!"

Na beberu, ambaye hakuwahi kukohoa maishani mwake, akakohoa.