Jina la Sayari

Kosa la kisayansi likishathibitishwa, kengele ya marekebisho hulia mji mzima, na kila anayeisikia hulisahau kosa hilo pamoja na jina lake. Ni sisi tu, watafiti wa historia ya falaki, tunaoruhusiwa kuziba masikio. Lazima awepo wa kukumbuka, ila kusimulia ni marufuku.

Leo asubuhi ililia kwa ajili ya Sahira, sayari aliyoigundua mume wangu Mbarouk enzi za ujana wake. Kumbe lilikuwa vumbi kwenye kioo cha darubini.

Nilitoa pamba masikioni na, kwa mazoea, nikamwita binti yetu aje kunywa uji.

"Sahira!"

Hakugeuka. Niliporudia alinitazama.

"Unamwita nani, Mama?" Kisha uso ukambadilika. "Kwani mimi naitwa nani?"

Mbarouk aliacha kukoroga chai. "Mama..." alianza kuniita kama siku zote, akakwama. Hakuwa tena na jina la kumalizia.

Nilitamani kulisema, lakini lisingekaa kichwani mwao.

"Yaani tumemwacha mtoto bila jina muda wote huu?" akasema, akicheka kwa aibu. "Tumwite Zahiya, kama ile sayari mpya iliyotangazwa juzi. Zuri, au siyo?"

Binti yangu alilirudia, akalipenda, akaanza kunywa uji wake.

Mimi nimesoma habari za wagunduzi maisha yangu yote, na najua ni sayari ngapi zimeishia kuwa vumbi.

"Zuri," nikasema, na ile pamba nikaitia mfukoni.