Kasoro ya Juisi

Glasi ya kwanza ilirudishwa jikoni saa nne asubuhi, imejaa vilevile, haikupungua hata funda moja. Aliyeirudisha ni mama mkwe mwenyewe, kwa miguu yake. Akaiweka mezani kando ya blenda na kusema ina kasoro.

Kasoro gani, mpishi akauliza. Mama mkwe akasema hajui, ila ipo.

Mwambie hivyo mtu mwingine, siyo mwanamke aliyepikia shule ya bweni miaka kumi na mmoja, wanafunzi mia sita, na hakurudishiwa sahani hata siku moja. Embe lilikuwa limeiva sawasawa. Nanasi alilimenya mpaka macho yote yakatoka. Badala ya maziwa alitia tui la nazi, nazi aliyoikuna na kuikamua kwa mikono yake, maana maziwa yalikuwa marufuku. Mama mkwe alifika Jumapili na begi moja na habari kwamba tumbo lake halitaki maziwa, halitaki nyama, halitaki chochote cha kutafuna.

Tangu Jumapili hiyo mpishi hakumwona akila. Kila mlo sahani zilitoka mezani kama zilivyowekwa. Na asubuhi hii, akiwa bado kitandani, alimsikia mumewe mlangoni akimnong'oneza mama yake: "Mpaka saa nane, Mama. Kama hakuna kilichoingia tumboni, naleta gari twende hospitali. Mimi nimechoka kungoja."

Hospitali ilikuwa moja tu mjini. Wiki tatu nyuma mpishi alimpeleka pale mama yake mzazi, akatundikiwa dripu, na aliporudi nyumbani alirudi ndani ya jeneza. Hakuwa tayari kuuona mlango ule tena, hata kwa mama wa mtu mwingine. Juisi hii ilikuwa lazima inyweke.

"Hebu ionje mwenyewe," mama mkwe alimwambia.

Mpishi akachota kwa kijiko. Mama mkwe akatikisa kichwa. Kijiko ni cha mchuzi, akasema, juisi haionjwi hivyo, au shuleni kwenu mlikuwa mnawaonjea watoto wa watu kwa kubahatisha? Hilo lilimchoma. Akainua glasi, akapiga mafunda manne akiitafuta hiyo kasoro. Labda tui limezidi. Labda nanasi ni kali. Akapiga mengine ili awe na hakika, mpaka likabaki povu.

Glasi ya pili alipunguza tui, akatia papai na tangawizi. Ikarudi. Ati inanuka tangawizi. Mpishi akasema ametia kipande kama ukucha. Basi ni hichohicho, akajibiwa. Jamani! Kumwonyesha kwamba hakuna harufu yoyote, mpishi akaibugia palepale mbele yake, yote, akaibwaga glasi mezani kwa kishindo.

Mama mkwe akaitazama ile glasi tupu bila kukasirika. "Huenda ni mdomo wangu," akasema. "Jaribu tena, mwanangu."

Mwanangu! Mama yake mzazi hakumsumbua hivi hata siku ya mwisho. Yule ungempa maji ya bomba angekushukuru. Huyu kachaguliwa embe moja moja sokoni na bado anadeka, na asubuhi hiyohiyo kafua mashuka ya nyumba nzima bila kuombwa. Mgonjwa gani anafua mashuka? Mpishi alitamani kuuliza, ila mkwe haulizwi hivyo, akameza maneno na kuchukua embe jingine. Alilimenya ameketi, maana siku hizi miguu haikumshika vizuri, na gauni lilikuwa linamteremka begani kila alipoinama. Akawa analipandisha kwa mkono uliolowa maji ya embe na kulaani kimoyomoyo.

Glasi ya tatu ilikuwa nzito mno. Akaonja, akaongeza maji. Ikawa nyepesi mno. Akaonja, akaongeza ndizi, akaonja tena. Mama mkwe alisimama kando, mkono kiunoni, akisema bado, bado kidogo, na juisi ikaishia kwenye kuonjwa. Blenda ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu.

Hapo mpishi akalia. Alilia kwa hasira tupu, kisu mkononi, machozi yakidondokea maganda.

"Mama, kunywa tu, nakuomba," akasema. "Sitaki uende kule."

Mama mkwe akamtoa kisu mkononi. Kisha akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi.

"Hakuna anayekwenda," akasema. "Tengeneza moja ya mwisho, halafu ukajilaze."

Ya mwisho haikuwa na mbwembwe. Embe, ndizi, tui, tone la ndimu. Mpishi, aliyekwisha kupoteza imani na ulimi wake, alikunywa nusu nzima kabla ya kuridhika, kisha akamkabidhi mama mkwe nusu iliyobaki. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili na kusema hii haina kasoro, ataimaliza taratibu. Mpishi hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Akaenda chumbani, akalala na viatu vyake.

Mama mkwe alisubiri mpaka akasikia mkoromo. Kisha akaufunga mlango wa jikoni na kumpigia simu mwanawe.

"Usilete gari," akanong'ona. "Mkeo kanywa glasi tatu na nusu tangu asubuhi, na zote zimetulia. Anadhani alikuwa anaonja."