Kutu Chini ya Rangi

Bisibisi ya fundi ilizama kwenye bati chini ya mlango wa gari mpaka kwenye mpini, kana kwamba ilichomekwa kwenye mkate.

Binti akageuka kumtazama baba yake. Mzee, ambaye macho yake yalishafifia, alikuwa kwenye benchi nje, akingoja kuambiwa kama gari alilolinunua kabla binti hajazaliwa litatengenezeka.

"Kutu, dada," fundi akanong'ona. "Mlikuwa mnapaka rangi juu kwa juu?"

"Kila mwaka. Mimi na yeye."

"Basi unyevu mmeufungia ndani. Injini nzima, lakini bodi hii itakatikia barabarani. Mwambie aliuze kama chuma chakavu."

Binti akalizunguka gari mara moja, mara mbili. Angeweza kumdanganya baba kwamba spea zimekosekana.

"We fundi!" mzee akaita. "Unapima gari au unachumbia?"

Fundi akacheka. Binti hakucheka. Alimshika baba mkono, akamleta, akakiongoza kidole chake hadi kwenye tundu lililoachwa na bisibisi.

Kidole kikaingia. Mzee akakizungusha taratibu, magamba ya rangi yakimwangukia kiatuni.

"Kumbe tumeliua wenyewe."

"Ndiyo, baba."

Mzee akapiga magoti, akaanza kugonga kwa vifundo vya vidole, sikio karibu na bati. Puu. Akasogea. Puu tena. Karibu na gurudumu la nyuma, chuma kikalia kwa sauti kavu, safi.

"Fundi, weka alama," alisema. "Utakatia hapa, uunge bati jipya."