Hatua Ishirini Nyuma ya Kasha

"Hatua ishirini, Kanze. Usipunguze hata moja."

Mwarandu alisema bila kugeuka, kasha begani, akitoka stesheni ya Changamwe kwenda hospitali. Nyuma yake mkewe akasimama, akamwacha atangulie tena. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na mbili za kabla yake ziliharibika. Hii Mwarandu aliilinda mpaka majirani wakamcheka.

Ndani ya kasha hukaa chungu cha madini ya risasi, na ndani ya chungu sindano za radiamu, za kutibia saratani.

"Zinaunguza nyama bila moto," Mbarak, karani wa stesheni, alimwonya tangu mwaka wa arobaini na sita, alipompa kazi. "Hiyo risasi ndiyo kinga. Hata hivyo, mwenye mimba asisogee. Wallahi, asisogee."

Tangu siku hiyo Mwarandu alimhesabu Mbarak kuwa ndugu.

Leo pale stesheni, kabla hawajaondoka, Mbarak alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alilipigilia kasha misumari mwenyewe, akamtwika. Kisha akamgeukia Kanze, aliyekuwa akienda kupimwa.

"Shemeji, nifikishie hiki kwa daktari. Marashi ya memsabu wake. Kifunge pindoni kisikupotee."

"Haya, shemeji."

Kilikuwa kifurushi kidogo, hakizidi kidole gumba. Kanze alikifunga kwenye pindo la leso, akalichomeka kiunoni, chini ya tumbo.

Njiani kasha lilikuwa likigongagonga. Siku zote chungu hutulia. Mwarandu hakupenda, akamwambia mkewe aongeze hatua tano.

Hospitalini daktari alibandua kifuniko cha kasha. Mlikuwa na mawe matupu, na barua.

Mwarandu aliyapekua mawe yale. Maili zote zile ametwishwa mawe na mtu aliyemwita ndugu, na sasa ataonekana mwizi. Alitamani Mbarak awe mbele yake amkabe koo.

Daktari alisoma barua kwa sauti, Kiswahili chake kikisitasita.

"Chungu cha risasi kimeibwa bandarini, kikiwa kitupu. Sasa wezi wanazitaka sindano na wanaliandama kasha, kwa hiyo nimelijaza mawe liwapoteze. Sindano nimezipitisha kwa njia ambayo hakuna atakayeishuku. Tafadhali usiniripoti."

Kanze alikuwa bado kule mlangoni, mbali na kasha kama alivyoagizwa, akihangaika na fundo lililokaza.

"Samahani, daktari," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Kuna marashi ya memsabu hapa."