Jogoo wa Kurudia Usichana

Mayige alikuwa ameshakanyaga mabawa ya jogoo, kisu mkononi, alipokumbuka kuuliza karamu yenyewe ni ya nini.

"Ya kwangu, shemeji!" alicheka mdogo wa marehemu mkewe, aliyemleta jogoo huyo kutoka Nassa. "Tangu mjukuu wangu wa kwanza azaliwe sijaziona siku zangu, na mwezi huu zimerudi. Nimerudia usichana! Wewe mgane endelea kukauka kama mti wa pamba iliyokwisha kuchumwa."

Kisu kilisimama juu ya shingo.

Mkewe aliyasema maneno hayo hayo, uani hapa hapa, na jogoo akachinjwa. Kisha zahanati ikampa vidonge vya tumbo, ikampa tena vile vile. Wakubwa wa zahanati walipokuja kumleta mtu wa kumpima vizuri, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshamla. Siku ya mazishi Mayige aliapa hatakanyaga tena kwenye mlango wa watu wale wa zahanati.

"Chinja basi, shemeji. Maji yanachemka."

Jogoo alikuwa ametulia, jicho moja likimtazama. Moyo wake ulidunda chini ya unyayo wa Mayige.

Mayige akainua mguu. Jogoo akachomoka, akatokomea kwenye mihogo.

"Wee! Kitoweo changu!"

"Damu ikirudi baada ya kukoma si usichana," alisema Mayige, akiikokota baiskeli. "Panda. Leo watakupima, hata kama nitalala mlangoni kwao."